Ishirini Kasoro Moja

Jibu nililotaka kukupa, Baba, kabla dereva hajapiga honi na kutukatiza, ni kwamba hapana, hazinunui hata njiti moja ya kiberiti, na mkweo analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ulisimama pale kwenye dirisha la basi, mkono wako juu ya bati, ukaniuliza huku unacheka: mtu mzima na akili zake anazikusanyia nini sarafu za serikali iliyokwisha kufungasha virago, tena si zile za fedha, bali zile za bandia zilizokuja baadaye? Nikafungua kinywa, basi likang'oka. Tangu siku ile nakujibu kichwani, nikifagia, nikipika, nikienda kazini. Leo nimekaa mezani nikujibu kwa kalamu, na jibu limekuwa refu kuliko swali.

Shikamoo Baba. Umpe na Mama shikamoo yake, umwambie mgongo usimzuie kunijibu, maana mikono yake ni mizima. Natumai kifua chako kimetulia na kwamba kile kitambaa nilichokushonea unakifunga puani ukipasua mbao, hukifanyi dekio la gundi. Sisi huku ni wazima wa afya. Mimi nimenenepa, usicheke. Zile sketi mbili nilizokuja nazo nimezitoa pindo la kiuno. Mama mwenye nyumba anasema ndoa imenikubali kama mbolea.

Na kweli imenikubali. Baba, nina mume! Najua nilimchagua mwenyewe, lakini wewe ndiye uliyesema ndiyo, basi nakushukuru kana kwamba ulinichongea kwa mikono yako, ukampiga na msasa. Miezi minne sasa, na bado nikisikia viatu vyake kwenye ngazi moyo unanienda mbio kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Asubuhi nikiinua kikombe changu cha chai nakuta kikaratasi chini yake. Kimoja kilisema: jana ulicheka mara kumi na moja, leo usipungue. Kingine kilisema amenipima kwa jicho na nimezidi uzuri gramu mbili tangu Jumatano. Vyote nimevihifadhi ndani ya kamusi yangu ya shule. Hapa mtaani wanamwita Bwana Gramu, maana kazi yake unaijua: huzunguka na sanduku lake la mawe ya shaba, madukani, kwenye mashine za unga, kwenye zahanati zinakopimwa watoto, akifungua mizani, akizisafisha na kuzirudisha kwenye ukweli. Hayo ni maneno yake, kuzirudisha kwenye ukweli. Wenye maduka wengine humkimbia.

Huko ndiko anakoziokota sarafu zake. Wazee wa maduka walizitumia kama mawe ya kupimia, au walizisukumia chini ya mguu wa mizani usicheze. Akimaliza kazi huomba ile sarafu badala ya soda. Tunakaa vyumba viwili juu ya duka la mshona magodoro. Dirisha moja linatazama barabara, jingine linatazama kamba ya nguo ya mama mwenye nyumba, na ukuta mzima kati ya madirisha hayo ni masanduku ya viberiti aliyoyaunganisha kwa gundi yakawa kama kabati la droo ndogondogo mia mbili. Kila droo na sarafu yake. Mama mwenye nyumba aliposimama mlangoni mara ya kwanza alisema wenzake huoa wakaleta kitanda cha maana, huyu kaleta chuma chakavu na mke wa kukipangusa.

Nilimwuliza mwenyewe lile swali lako. Akaniambia fedha ina wapenzi wengi, haimhitaji yeye. Lakini hizi zilizochukua nafasi yake ndizo zilizofanya kazi yote. Ile vita kuu ilipokwisha, anasema, wakoloni waliitaka fedha yao, wakaichomoa kimyakimya ndani ya sarafu, wakatia shaba na nikeli. Ukubwa uleule, uzito karibu uleule, mfalme yuleyule na taji lake. Mtu akapokea ujira wake Jumamosi hii kama alivyopokea Jumamosi ile, akaufunga kwenye ncha ya nguo, asijue kilichobadilika. Sarafu hizo zikalipa karo, zikaoa, zikazika, kisha watu wakaja kuzitukana kuwa ni za bandia. Anakunja uso kama ametukanwa yeye. Anasema sarafu hazikumdanganya mtu. Waliodanganya ni walionyamaza.

Nilimpenda maradufu siku ile. Nikajisemea moyoni kwamba mwanamume anayevionea huruma vyuma vilivyodharauliwa hawezi kunidharau mimi. Sentensi hiyo, Baba, imenikwama kooni tangu hapo kama mwiba wa samaki, na ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Maana uliutoa mfuko wa Bibi. Siku ya harusi yetu, mbele ya watu, ulimwita mkweo ukamwambia, bwana harusi, nasikia unapenda takataka, basi chukua hizi, zimelala kwenye sanduku langu la misumari miaka kumi na minne na sijapata wa kumtupia. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, aliupokea kwa mikono miwili. Mama aliinama kurekebisha kiatu chake ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Mimi nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Mpiga picha alinipiga wakati huohuo. Itazame ile picha tena ukipata nafasi, utazame macho yangu.

Hadithi ya mfuko huo unaijua kuliko mimi, lakini nivumilie niisimulie kama nilivyoiona kwa macho ya mtoto wa miaka tisa, kwa sababu nilikuwa chini, na vitu vingine vinaonekana kutoka chini tu. Babu, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa kwenye kambi za kujenga barabara. Alirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, na kila akirudi alimwekea Bibi mkononi sarafu moja, ya kuwekwa, si ya kutumiwa. Miaka kumi, sarafu ishirini, hadi kifusi kilipomfunika. Bibi alizitunza ndani ya mfuko wa kitambaa cheusi wenye bitana ya buluu. Alikuwa akichagua moja, akiiangusha juu ya sinia yake, nayo ikilia kwa sauti nyembamba, ndefu, isiyotaka kwisha, na yeye akisema, msikilizeni babu yenu, anakaribia njia panda. Uliisikia wewe utotoni, na mimi niliisikia utotoni mwangu. Ndiyo maana ulijua kwa masikio yako mwenyewe kwamba sarafu za mama yako ni fedha tupu.

Shangazi ndiye aliyemuuguza Bibi hadi pumzi ya mwisho. Baada ya arobaini uliupeleka mfuko kwa sonara ili amfulie dada yangu bangili za harusi yake. Sonara akakwaruza moja, akakwaruza ya pili, akaziangusha zote juu ya jiwe lake moja moja. Zikasema tak, tak, tak. Akakurudishia mfuko akasema mzee, hii ni shaba na nikeli, hapa hakuna fedha hata ya kuziba jino. Tena zilikuwa kumi na tisa.

Ulirudi umevimba uso. Ukatuita wote ukumbini, ukauliza nani aliyekuwa akiingia chumba cha marehemu, na wote tulijua ni mmoja. Shangazi akasema hajawahi hata kuufungua mfuko ule. Hapo ndipo mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, niliposema nimemwona Shangazi siku za ugonjwa wa Bibi akitoka na mfuko kwapani kuelekea barabarani. Uliniinua ukaniweka gotini. Ukasema mtoto wa miaka tisa hajui kutunga. Ukamwambia dada yako kwamba ameuza fedha ya mama akarudisha takataka, na kwamba hutaki kumwona tena kwenye ukumbi ule, wala kwenye msiba wako. Aliondoka na cherehani yake kichwani. Hakugeuka. Kesho yake uliniletea daftari lenye jalada gumu, kwa kusema kweli.

Sasa nirudi kwa mkweo. Jumapili moja alasiri alitandika shuka jeupe juu ya meza akazimwaga zile kumi na tisa. Mimi nilikuwa napiga pasi. Alianza kuzipanga kwa miaka iliyochapwa juu yake, na kidogokidogo akaacha kupiga mluzi. Akaniita. Zilikuwa zimejipanga mbili mbili, Baba. Mbili za mwaka huu, mbili za mwaka unaofuata, mbili za unaofuata, mfalme akafa akaja malkia, mbili, mbili, hadi mwisho. Zote mpya, makali ya herufi hayajalika, kama zilivyotoka meza ya mlipaji moja kwa moja hadi kwenye mfuko. Kisha akanipa kioo chake cha kukuzia akaniambia nitazame ndani ya herufi. Kulikuwa na rangi ya buluu. Ile bitana ya mfuko ilikuwa imechuja rangi kwa jasho la miaka, ikaingia kwenye kila herufi ya kila sarafu, zote kumi na tisa.

Akaniuliza ni mwizi gani huyo anayeuza fedha, kisha akazunguka sokoni kutafuta badala yake mbili za kila mwaka kwa mpangilio, mpya kabisa, halafu akazipaka buluu. Akasema sarafu hizi hazikubadilishwa na mtu. Ndizo hizihizi alizoleta Babu. Babu mwenyewe alilipwa shaba na nikeli akidhani ni fedha, Bibi akazitunza akidhani ni fedha, na wewe ukamfukuza dada yako kwa kosa lililofanywa na serikali kabla hujaota meno.

Nilikaa chini. Pasi ilibaki juu ya shati lake, ikalichoma mgongoni. Hakusema kitu kuhusu shati. Alidhani nalia kwa furaha ya Shangazi kusafishika, akanikumbatia, akaniambia moyo wangu ni wa dhahabu. Ningetamani unisikie vile nilivyonyamaza.

Lakini hakuwa amemaliza. Mtu wa mizani hamalizi hadi sindano itulie. Alirudi mezani akasema kuna moja imekaa peke yake. Ni ile ya mwaka wa kwanza kabisa wa sarafu mpya. Haina mwenzake. Akafikiri, akasema mwaka ule za zamani zilikuwa bado mikononi mwa watu, basi bila shaka mwenzake ilikuwa ya zamani, ya fedha. Moja tu kati ya ishirini. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiiangusha Bibi kwenye sinia, kwa kuwa hiyo peke yake ndiyo iliyoweza kuimba. Moja iliwasemea wenzake wote, nanyi mkaamini zote ni waimbaji. Kisha akakuna kidevu, akasema kwa huzuni, maana yeye hapendi kumsingizia mtu, kwamba pengine Shangazi alichukua hiyo moja. Shida ni shida. Si ishirini, lakini moja huenda.

Tangu Jumapili ile nyumba yetu imekuwa na pengo, na pengo lenyewe ni duara dogo juu ya shuka jeupe. Aliamua kukutafutia mwenzake wa ile sarafu, ya fedha, ya miaka ileile, ili aje akukabidhi ishirini kamili kama zilivyokuwa za mama yako. Alitaka iwe siri. Jumapili tatu mfululizo ameondoka asubuhi kwenda kwa wauza vyuma chakavu nje ya mji, mara mbili kwa miguu kwa kuwa basi lilikuwa limejaa, na Jumapili zote tatu mimi ndiye niliyemfungia mkate na yai, nikampungia mkono dirishani. Alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Akaniomba radhi kwamba hajaipata! Mimi nikamwosha miguu. Mama mwenye nyumba alituona akasema, tazama mapenzi, watu wengine tunayaona redioni tu.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumatatu, aliniambia basi, imeshindikana, ila haki ya Shangazi haiwezi kungoja. Akachukua karatasi akuandikie mwenyewe. Alinisomea alivyoanza. Baada ya salamu alisema kwamba uchunguzi wake umeonyesha dada yako hakubadilisha sarafu, na kwamba kama alichukua kitu, basi alichukua moja tu, nayo asamehewe.

Asamehewe, Baba. Aliandika asamehewe.

Nilimwambia aweke kalamu. Nikaenda kwenye sanduku langu la nguo, nikatoa ule mkebe wa vifaa vya hisabati ulioninunulia nilipoingia sekondari. Chini ya bikari na kipimapembe kuna kifungu cha pamba kilichofungwa uzi. Nimekihamisha kutoka mahali hadi mahali miaka kumi na minne. Nikakifungua juu ya shuka lake jeupe, nikaiweka ile sarafu mahali pake, na pengo likazibika.

Ni mimi niliyeichukua. Wiki moja baada ya kumzika Bibi niliingia chumbani mwake, nikafungua mfuko, nikaziangusha zote kwenye sinia. Moja tu iliimba. Zile nyingine nilidhani zimelala kwa sababu ya msiba. Sikutaka kuiuza, sikutaka kununua peremende. Nilitaka kumsikia Bibi akisema njia panda. Nilikuwa nikiizungusha nyuma ya rundo la mbao zako, mchana, ukiwa unapiga randa, ili sauti isifike. Kisha sonara akasema kumi na tisa, nikaona uso wako. Nikaogopa. Nilichokiona kweli siku za ugonjwa ni Shangazi akitoka na chupa tupu ya dawa iliyofungwa kwenye kitambaa cheusi, anakwenda kuijaza. Kitambaa kilikuwa cheusi na mfuko ulikuwa mweusi. Nikavifanya kimoja, na nilijua ninachofanya. Mtoto wa miaka tisa anajua kutunga, Baba. Anajua sana.

Na hili ndilo linaloniamsha nikiwa nimekaa macho wazi kazini, mteja akisubiri penseli zake. Kama ningeirudisha siku ile, ungeiangusha ukaisikia. Wewe unayegonga ubao kwa kifundo cha kidole na kujua kama umekauka, ungezisikia zile kumi na tisa zikisema tak na hii moja ikiimba, ungeuliza vipi fedha na isiyo fedha zikae mfuko mmoja, na ungeupata ukweli kabla chai haijapoa. Nilikunyang'anya sauti ile moja, ukabaki kumhukumu dada yako kwa kimya. Kosa la kwanza lilikuwa la serikali. Hili lilikuwa langu.

Mkweo aliichukua ile sarafu akaitazama kwa kioo. Akaona buluu ndani ya herufi. Akaniuliza swali moja tu: nilikuwa najua siku zote tatu nilizomfungia mkate? Nikasema ndiyo. Alivaa viatu akateremka ngazi, na mara hii moyo ulinienda mbio kwa namna nyingine. Siku mbili hakukuwa na kikaratasi chini ya kikombe. Nilikiinua kila asubuhi taratibu, kana kwamba nikikiinua polepole kitatokea. Siku ya tatu nilikuta karatasi nzima, tupu, ya kuandikia barua, imekunjwa mara moja. Akaniambia bila kunitazama kwamba barua hii si yake kuiandika, na kwamba sarafu ile haiwezi kukaa ukutani kwake, yeye hakusanyi fedha. Kisha akauliza kama kuna chai. Nikasema ipo. Akanywa vikombe vitatu, na kila kimoja alikisifia.

Baba, sijamaliza. Shangazi anaishi mji huuhuu. Anashona mashuka yaliyochanika ya hospitali, kwenye chumba chenye dirisha moja la juu, na cherehani ni ileile. Mama ndiye aliyeninong'oneza mahali pake siku ya harusi. Usimgombeze, kama ni kugomba nigombeze mimi, nimeshazoea kustahili. Jumamosi ya wiki ileile tulikwenda wote wawili. Alinitambua kwa kicheko, anasema nacheka kama Bibi, akafuta kiti kwa upindo wa nguo yake, akamwita mkweo mwanangu kabla hajajua jina lake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nikamnyoshea ile sarafu.

Alirudisha mikono yake nyuma kama mtu aliyeonyeshwa kaa la moto. Akasema mkono wake haujawahi kuigusa na leo hautaigusa, asije akafa halafu watu wakasema hatimaye aliipata. Hakunisamehe, Baba. Nisikudanganye kwa mara nyingine. Alisema amepiga pindo mashuka ya wagonjwa miaka kumi na minne, wengine wamefia juu yake, na kila mwaka alisema mwaka huu mtoto atakua, atasema. Akaniambia, umekua tangu lini? Kisha akakaa kwenye cherehani yake, akakanyaga, akashona pindo refu bila kutuangalia, nasi tukasimama.

Mwisho wa pindo alikata uzi kwa meno akauliza kama kifua chako bado kinakusumbua. Nikasema kinakusumbua. Akauliza kama bado unakula huku umesimama. Nikasema ndiyo, na makombo kwenye ndevu. Akacheka, halafu akaonekana kukasirika kwa kuwa amecheka. Mkweo akamwuliza kama atakubali tumlete nyumbani. Akasema yeye si kifurushi cha kuletwa. Aliyemfukuza ana mdomo na ana kalamu. Akimwita kwa mdomo huohuo uliomfukuza, atakuja na cherehani yake au bila cherehani yake. Akimnyamazia, basi naye atamnyamazia, wao ni wa mama mmoja. Mimi, alisema, nikitaka kurudi Jumamosi nyingine nirudi, kuna mashuka ya kukunja. Nimeshakwenda tena mara moja. Nimekunja sitini. Hatukuzungumza sana, ila aliniambia nakunja ovyo.

Anwani yake iko nyuma ya bahasha hii. Aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa, akajifanya anajaribu tu kalamu yangu.

Sasa umejua, na sijui utalisoma jina langu kwa sauti gani kuanzia leo. Kama lile daftari lenye jalada gumu bado liko kabatini, litoe. Sikuwahi kuandika ndani yake hata mstari mmoja, utalikuta jipya. Msalimie Mama, msalimie dada na bangili zake za kununua, wasalimie mafundi wenzako wote. Mkweo anakupa heshima zako, na leo asubuhi chini ya kikombe nimekuta kikaratasi, kina neno moja tu: andika.

Tutakuja kabla mwezi haujaisha, kwa basi la asubuhi, Jumamosi ya mwisho. Tutakuwa wawili, au watatu, hilo liko mkononi mwako na wala si mwangu. Nitaileta ile sarafu bila pamba. Mwambie Mama ateremshe sinia ya Bibi, ukae karibu, nami nitaiangusha usikie.

Mimi binti yako wa mwisho, uliyemweka gotini.